Tunapobishania bangi, tusimsahau anayetapika

Wiki mbili zilizopita mzazi mmoja wa Mbeya aliniandikia ujumbe huu: "Daktari, majirani zetu Malawi wameruhusu bangi kwa ajili ya dawa. Huku kwetu mtu akikutwa nayo anafungwa. Watoto wangu wananiuliza nani anasema kweli, na mimi sina jibu."

Nimekuwa nikikwepa kuandika juu ya bangi kwa sababu kila ikiguswa watu hugawanyika, na kila upande huwa umeshaamua. Lakini swali la mzazi huyu limenikuta bado namfikiria kijana mmoja niliyemtibu hapa Mafinga. Nitaanza na yeye. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Alikuwa na umri wa miaka 22, anafanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao. Mama yake alimleta mwezi Juni, wakati baridi yetu ya Mufindi inapouma kwelikweli. Alikuwa ametapika siku tatu mfululizo na tumbo linamsokota. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa miezi minane alikuwa amekunywa dawa za malaria, dawa za taifodi mara tatu, na dawa za vidonda vya tumbo. Mtu mmoja aliwaambia kijana amelogwa, na familia ikauza nguruwe wawili kumlipa mganga.

Tukampima. Malaria hakuna. Ultrasaundi ya tumbo haikuonyesha kitu. Damu ilionyesha potasiamu imeshuka na figo zimeanza kulemewa kwa sababu ya kukosa maji. Mbele ya mama yake nikamuuliza maswali ya kawaida: unakunywa pombe? Unavuta sigara? Akasema ulanzi anakunywa mara chache, sigara havuti. Tukampa dripu, akapata nafuu, akaenda nyumbani.

Baada ya wiki tatu alirudi akiwa hoi kuliko mwanzo. Safari hii mama alinipa jibu bila kujua: "Daktari, huyu mtoto atanimalizia kuni. Anaoga maji ya moto mara sita kwa siku, hata usiku wa manane. Anasema ndiyo dawa pekee inayomsaidia."

Niliposikia hayo nilimwomba mama atupishe kidogo. Nikamwambia kijana, "Mdogo wangu, utakachoniambia kitabaki hapa. Siiti polisi na simwambii mama. Unavuta bangi?" Aliutazama mlango kwanza. Kisha akasema, "Kila siku, Daktari, tangu kidato cha pili. Nikivuta, kichefuchefu kinatulia kidogo."

Kumbe alikuwa anajitibu kwa kitu kilekile kinachomuumiza. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, sikumuuliza mara ya kwanza. Nilimuuliza pombe na sigara, nikairuka bangi, tena nikamuuliza mbele ya mama yake. Kosa hilo ni langu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Ugonjwa wake una jina

Ugonjwa huu ni wa kutapika kunakotokana na kutumia bangi kwa muda mrefu. Madaktari wa Australia waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na tangu hapo umeonekana katika nchi nyingi. Humpata mtu anayevuta mara kwa mara, mara nyingi kwa miaka. Anatapika kwa siku kadhaa, anatulia wiki chache, kisha anaanza tena. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika mara nyingi hazimsaidii. Maji ya moto humtuliza kwa muda, ndiyo maana anaoga bila kukoma.

Jambo linalowachanganya watu ni kwamba bangi inajulikana kwa kupunguza kichefuchefu, na ni kweli. Kuna dawa zilizotengenezwa kutokana na kemikali yake, wanazopewa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa sababu ya matibabu. Lakini kwa baadhi ya watu wanaotumia kila siku, mwili hugeuka na kilichokuwa kinatuliza kikaanza kuchokoza. Tiba ya kudumu ni moja tu, kuacha kabisa. Akirudia, ugonjwa nao hurudi.

Huu si ugonjwa wa wavutaji wote. Nimeuweka mbele kwa sababu unaonyesha gharama ya ukimya: miezi minane ya dawa zisizohusika, nguruwe wawili, na figo za kijana wa miaka 22 zilizoanza kuchoka.

Mambo mengine yanayotokea mwilini

Katika mjadala wa bangi, upande mmoja husema inaua na kumtia kila mtu wazimu. Upande mwingine husema ni majani tu, hayana madhara. Kauli zote mbili hazilingani na ninayoyaona katika chumba cha daktari.

Mapafu kwanza. Moshi ni moshi. Moshi wa bangi una lami, hewa ya ukaa yenye sumu, na kemikali nyingi zilezile zilizomo kwenye moshi wa sigara. Mvutaji wa bangi huuvuta kwa nguvu zaidi na kuushikilia kifuani kwa muda mrefu zaidi. Matokeo yake ni kikohozi cha kudumu, makohozi mengi na kifua kinachokoroma. Kuhusu saratani ya mapafu, ushahidi dhidi ya bangi peke yake hauna nguvu kama ule dhidi ya sigara, lakini wengi wanaovuta bangi huvuta na tumbaku pia, hivyo unafuu huo hauwafikii.

Hapa Mafinga kuna jambo la ziada. Vijana wetu wengi wanashinda kwenye vumbi la mbao. Ukichanganya vumbi hilo na moshi, kifua kinabeba mizigo miwili. Wanaovuta pamoja hukaa chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi na ya kujificha, wakipokezana msokoto mmoja. Akiwemo mmoja mwenye kifua kikuu, anakohoa juu ya wenzake wote. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, njoo upimwe makohozi. Usiseme "ni moshi tu" wala "ni vumbi tu".

Moyo wa pili. Dakika chache baada ya kuvuta, moyo hukimbia, wakati mwingine kwa mapigo 20 hadi 50 zaidi kwa dakika. Kijana mwenye moyo mzima anaweza asione shida. Lakini mtu wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu, au mwenye ugonjwa wa moyo asioujua, yuko katika hatari zaidi ya kupata shambulio la moyo katika saa ile ya kwanza. Maumivu ya kifua baada ya kuvuta si ya kulala nayo hadi asubuhi.

Tatu, ubongo unaokua. Ubongo wa binadamu huendelea kujengeka hadi karibu miaka 25. Bangi ikiingia mapema na mara kwa mara, huathiri kumbukumbu, umakini na uwezo wa kujifunza. Kwa vijana wenye asili ya maradhi ya akili katika ukoo, huongeza hatari ya kuanza kusikia sauti na kuwashuku watu, na hatari hiyo hukua kadiri bangi inavyokuwa kali na kutumiwa mara nyingi. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mtu 1 kati ya 10 wanaotumia huishia kuwa tegemezi. Kwa wanaoanza wakiwa wadogo, ni karibu 1 kati ya 6. Yule kijana wangu alianza kidato cha pili.

Nne, uzazi. Bangi inaweza kupunguza wingi na ubora wa mbegu za kiume. Kwa mama mjamzito, kemikali yake hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na watoto wa kina mama wanaovuta huwa katika hatari ya kuzaliwa na uzito mdogo. Hupita pia kwenye maziwa ya mama. Wapo kina mama wanaoitumia kutuliza kichefuchefu cha mimba. Tafadhali msifanye hivyo, tunazo dawa salama za hali hiyo.

Tano, barabara. Bangi hupunguza kasi ya kufanya uamuzi na uwezo wa kukadiria umbali. Sisi tunaishi kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, malori yanapita usiku na mchana. Dereva wa bodaboda aliyevuta na kunywa ulanzi hapohapo ni hatari kuliko aliyetumia kimoja tu.

Mwisho, bangi ya kula. Siku hizi inatiwa kwenye biskuti na keki. Ukivuta, unaisikia ndani ya dakika. Ukila, inaweza kuchukua saa moja hadi mbili, na mtu akidhani haijafanya kazi anaongeza. Kwa mtoto mdogo, kipande kidogo tu kinaweza kumlaza usingizi mzito na kumsumbua kupumua. Mtoto akilegea ghafla bila homa, mlete haraka na useme ukweli wote wa kilichokuwa nyumbani.

Mjadala mmoja wenye maswali matatu

Sasa nirudi kwa mzazi wa Mbeya. Nadhani tunakwama kwa sababu tunabishania maswali matatu kana kwamba ni moja: bangi kama dawa, bangi kama zao la biashara, na bangi kama starehe.

Malawi, jirani yetu ng'ambo ya Mto Songwe, ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa leseni, kwa ajili ya dawa na viwanda. Haikuruhusu watu kuvuta kwa starehe. Rwanda mwaka 2021 iliruhusu uzalishaji kwa ajili ya dawa za kuuza nje, na kuvuta kukabaki kosa. Afrika Kusini ni habari tofauti. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima anaweza kutumia faraghani, lakini hukumu hiyo haikuruhusu biashara. Kenya, katika uchaguzi wa Agosti 2022, mgombea urais George Wajackoyah aliahidi kuihalalisha bangi ili nchi ilipe madeni. Hakushinda, lakini kampeni yake ilisikika hadi vijiweni kwetu. Hata bungeni kwetu Dodoma wamewahi kusimama wabunge kuomba zao hili liangaliwe kwa jicho la dawa na fedha za kigeni.

Kijana akisikia haya yote kwa juujuu, anachobaki nacho ni kwamba dunia imekubali bangi haina madhara. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyosema hivyo. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa uliiondoa bangi kwenye kundi la dawa zenye masharti makali kuliko zote, kwa kutambua kuwa ina matumizi ya tiba, lakini ikabaki chini ya udhibiti wa kimataifa. Thailand ililegeza sheria mwaka 2022, na mwaka 2025 ikarudi kudai cheti cha daktari. Canada iliruhusu starehe mwaka 2018, na baadaye madaktari wa huko wakaona ongezeko la watoto wadogo wanaofikishwa hospitali baada ya kula peremende na biskuti za bangi za wazazi wao.

Kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho ya 2017, bado inakataza kulima, kuuza na kutumia, na kwa kilimo na biashara kifungo kinaweza kufika miaka 30 au hata maisha.

Msimamo wangu

Kwenye swali la dawa, nasema ndiyo, kwa masharti. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kemikali ya CBD ya mmea huu, kwa aina mbili adimu za kifafa cha watoto. Kemikali hiyo hailevyi. Imechujwa, imepimwa, na dozi yake inajulikana kwa uzito wa mtoto. Dawa ya namna hiyo ikifika nchini na ikapita kwenye mamlaka zetu za dawa, nitaiandika bila aibu.

Lakini msokoto si dawa hiyo, na majani yaliyochemshwa si dawa hiyo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nyanda zetu za juu kusini zina kifafa kingi. Sehemu yake inatokana na mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo mtu huyala kwenye chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu mwenye tegu, na vimelea vikaenda kukaa kwenye ubongo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dawa za kifafa ambazo zipo na si ghali, na familia inahitaji choo, kunawa mikono, nguruwe waliofungiwa na nyama iliyoiva. Mzazi akisikia "bangi inatibu kifafa" akaacha dawa za hospitali, mtoto anaweza kuanguka kwenye moto wa jikoni.

Kwenye swali la biashara, mimi si mchumi. Ninachoomba ni kwamba anayelitetea asitumie koti letu jeupe. Zao la kuuza nje lipimwe kama mazao mengine: nani atapata leseni, mkulima wa Mufindi atapata nini, na nani atalinda shamba.

Kwenye swali la starehe, nasema hapana. Najua jibu ninalosubiriwa nalo: "Mbona pombe ni halali na inaua zaidi?" Ni kweli, pombe inaua zaidi. Lakini mimi ndiye ninayepokea majeruhi wa pombe usiku wa Jumamosi. Tumeshindwa hata kuwazuia watoto kuuziwa ulanzi. Sioni sababu ya kuongeza kitu cha pili sokoni huku cha kwanza kikitushinda.

Hata hivyo, wanaotaka sheria ilegezwe wana hoja moja ninayoikubali. Hofu ya jela inawafanya wagonjwa wafiche. Yule kijana aliutazama mlango kabla ya kunijibu. Mfanyabiashara anayesafirisha magunia ni suala la polisi. Kijana anayevuta na kuumwa ni wangu kwanza, na anahitaji kitanda na ushauri kuliko selo. Ningependa sheria na viongozi wetu waseme hivyo kwa sauti, ili mgonjwa asichague kati ya figo zake na uhuru wake.

Kwa wagonjwa na wazazi

Mgonjwa, mwambie daktari au muuguzi kama unavuta, hasa unapotapika bila sababu, unapokuwa mjamzito, unapoumwa kifua, na kabla ya upasuaji, kwa sababu bangi hubadilisha jinsi mwili unavyopokea dawa za usingizi. Siri ya mgonjwa ni wajibu wetu. Kama unaona aibu mbele ya ndugu, omba kuongea na daktari peke yako. Una haki hiyo.

Mzazi, usianze na fimbo. Angalia mabadiliko: macho mekundu, alama za shule zinazoshuka, marafiki wapya, hela zinazopotea, kuoga maji ya moto kusikoisha. Kisha kaa na mwanao mahali penye utulivu na uulize kwa upole, tena zaidi ya mara moja. Akikiri, mshukuru kwanza kwa kusema kweli, mengine yafuate. Kuacha kunaweza kuleta hasira, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula kwa wiki moja au mbili. Hali hiyo hupita. Mpe maji, chakula chepesi na kazi ya kufanya, na umlete kwetu kama inazidi.

Yule kijana aliamua mwenyewe kumwambia mama yake, pale pale wodini. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe nguruwe wangu wameenda bure." Hakumpiga wala kumfukuza. Kijana aliacha, Desemba akarudia kwenye sherehe, akatapika siku mbili na kuja mwenyewe bila kuletwa. Tangu hapo hajarudi kwa shida hiyo. Nilimwona mwezi uliopita stendi akipakia mbao, amenenepa kidogo.

Kwa mzazi wa Mbeya, waambie watoto wako hivi: Malawi hawajasema bangi ni salama, na sisi hatujasema kila anayevuta amepotea. Kisha waulize kama kuna jambo wanaogopa kukuambia.

Mimi tangu siku ile nimeongeza swali moja kwenye orodha yangu, na nauliza mgonjwa akiwa peke yake.

Tukutane wiki ijayo.